Riwaya imekamilika: nikope kikoba nichape nakala 1,000?

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nimeandika riwaya kwa miaka mitatu, usiku usiku watoto wakishalala. Imefika kurasa 212 za A5. Mchapishaji mmoja (simtaji) alinijibu nilipe milioni tatu, halafu hakimiliki ibaki kwake. Nikakimbia. Sasa nimepata bei ya mtambo Kariakoo: nakala 1,000 kwa sh 5,200 kila moja, au nakala 100 kwa sh 8,500. Nitauza 15,000. Natamani nichukue mkopo wa kikoba nichape 1,000, maana faida naiona huko. Ndugu na walimu wenzangu zaidi ya 40 wamesema watanunua. Mnanishaurije?

Mzee wa Kalamu
Hongera mwalimu. Kwa huyo wa milioni tatu ulikimbia vizuri. Mchapishaji ndiye anayemlipa mwandishi mrabaha, yaani fungu lake la mauzo. Ila huko unakokimbilia nako kuna shimo. Kitabu changu cha kwanza nilichapa 1,000. Maboksi sita bado yako chini ya kitanda cha wageni, wanayasoma panya.

Chapa 100. Dukani, wakichukua asilimia 30, unashika 10,500, ukitoa gharama unabaki na 2,000 tu. Basi usianze na maduka. Uza mkononi, kila nakala ikupe 6,500. Zikigoma, umepoteza laki nane na nusu. Zile 1,000 zikigoma una deni la milioni 5.2, na wanakikoba hawapokei marejesho kwa riwaya.

Fundi Gundi
Nipo kwenye uchapaji. Mkuu, kurasa za kitabu kwenye mitambo mikubwa huenda kwa mafungu ya 16. Hizo 212 zitahesabiwa 224, yaani unalipia kurasa 12 tupu. Mwambie anayepanga kurasa abane kidogo ziingie 208. Na usikubali kazi yote ichapwe kabla hujashika nakala moja ya mfano. Angalia mgongo: ufungue kitabu katikati, ukisikia "kraa" gundi ni mbovu.

Kijiti
Watanzania hatusomi. Hiyo hela nunua bodaboda.

dada_hadithi
@Kijiti hatusomi? Mimi nauza hadithi WhatsApp. Sehemu kumi za kwanza natoa bure, ya kumi naikata mlango ukigongwa, zinazobaki ni sh 2,000 kwa Lipa Namba. Watu wananiamsha saa sita usiku wakitaka kujua nani kagonga.

Mwalimu, weka sura mbili tatu hivyo hivyo uone nani anauliza "ikaendeleaje". Ila PDF nzima usimtumie mtu, hata shemeji. Ikiingia kundi moja jioni, asubuhi iko Kigoma.

Mwanafunzi wa Milele
Samahani, ISBN anaipataje? Na ndiyo inayolinda asiibiwe?

Mzee wa Kalamu
Hapana, ISBN ni namba ya kukitambua kitabu tu. Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Maktaba Kuu pale Bibi Titi, Dar. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi mkigombana.

Jambo jingine mwalimu: kabla hujachapa, soma masharti ya Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu. Wanashindanisha miswada, na ukishachapa unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe. Halafu, nani amehariri?

Mleta uzi
Mke wangu amesoma, akalia.

Mzee wa Kalamu
Mke analia kwa sababu anakujua. Tafuta mtu asiyekujua, mlipe, akuonyeshe pale anapochoka. Mimi mhariri wangu alikata kurasa 30 za mwanzo. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaona alikuwa amekata mandhari ya kijiji tu, kisa hakijaguswa.

dada_hadithi
Na hao 40, waombe walipe sasa hivi, kabla ya kuchapa. "Nitanunua" ni salamu hiyo.

Mleta uzi (siku nane baadaye)
Mrejesho wakuu. Kikoba nimeacha. Mswada uko kwa mhariri, mwalimu mstaafu nisiyemjua. Ameshaniuliza kwa nini shangazi anakufa mara mbili. Wale 40 nimewatumia namba ya malipo. Wamelipa 11. Mjomba aliyeahidi kuchukua nakala 20 ameusoma ujumbe, tiki mbili za bluu, kimya.