Kelele kichwani hazikati, nimeambiwa masikio yako sawa. Nifanyeje?

Usiku_Mrefu: Wakuu, naombeni ushauri. Kuna mlio mwembamba kama wa nyenje, umo kichwani mchana na usiku, miezi sasa. Daktari kachungulia masikio, hamna nta wala usaha. Presha iko sawa. Je, kuna kipimo kilichobaki? Na dawa ipo?

Kiwambo: Pole mkuu. Kuchungulia sikio kwa tochi kunaonyesha njia ya sikio na kiwambo (ngoma ya sikio) tu. Kelele nyingi za aina hii chanzo chake ni ndani zaidi, kwenye komboli, sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono: vinyweleo vya kupokea sauti vikifa, ubongo hupungukiwa na taarifa, basi unaongeza nguvu ya kusikiliza na kuanza kuusikia umeme wake wenyewe. Ndiyo maana mlio "uko kichwani" na hakuna mwingine anayeusikia.

Omba kipimo cha usikivu: chumba kisichopitisha sauti, unavaa vipokea sauti, unapigiwa milio ya hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 250 hadi 8,000, majibu yanachorwa grafu. Grafu ikibonyea karibu na hezi 4,000, mara nyingi ni madhara ya makelele. Na grafu safi haimaanishi huna kitu, kwa sababu madhara yanaweza kuwa juu ya 8,000, ambako kipimo cha kawaida hakifiki.

Nyumbani jaribu mambo mawili. Shika mshipa wa kifundo cha mkono, sikiliza: je, mlio unakwenda na mapigo ya moyo? Kama ndiyo, habari ni nyingine kabisa; inatakiwa picha ya mishipa ya kichwa na shingo, pamoja na damu kupimwa wingi wake na tezi ya shingo. Kukiongezeka kuumwa kichwa na kuona ukungu, usisubiri miadi. Halafu uma meno kwa nguvu, sukuma taya mbele, geuza shingo. Mlio ukibadilika, taya au shingo inachangia, na daktari wa meno ana kazi hapo.

Mfamasia_Mzee: Kwenye dawa niseme wazi: hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuzima mlio huu. Ginkgo, ile dawa ya mmea, okoa hela yako. Mafuta ya vitunguu na mishumaa ya masikio ni hatari tupu, hasa kiwambo kikiwa kimetoboka.

Ila kagua unachomeza. Aspirini ya dozi kubwa, kwinini, sindano za jentamaisini na furosemaidi zote zinaweza kuleta mlio. Usiache dawa kienyeji. Mpelekee orodha aliyekuandikia.

Usiku_Mrefu: Asanteni. Usiku naziba masikio kwa vizibo, naona inazidi.

Kiwambo: Lazima izidi. Ukimya ndio unaoupa mlio nafasi. Vizibo ni vya penye makelele tu: kwenye desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) mwisho ni saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una dakika 15.

Usiku weka feni au sauti ya mvua upande wa pili wa chumba, si kwenye vipokea sauti. Watu wengi hukosea kwenye kiasi: wanaiongeza mpaka mlio umezwe. Ishushe kidogo chini ya mlio, uvisikie vyote viwili, maana ubongo hauwezi kuzoea usichokisikia. Isizimike saa 7 usiku, kimya cha ghafla kitakuamsha. Redio ya mazungumzo haifai, akili itafuata maneno. Usingizi usipokuja kwa dakika 20 hivi, ondoka kitandani ukae penye mwanga hafifu. Na acha kuukagua mlio kila asubuhi kama upo. Upo. Kuzoea ni suala la miezi, na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza kero.

Mfamasia_Mzee: Niongeze: sikio likipoteza usikivu ghafla, yaani kwa muda usiozidi siku 3, ni dharura. Steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) hufaa zikianza mapema, zikipita wiki 2 matumaini hupungua. Na mtu akisikia sauti zinazosema maneno, si mlio, aonwe na daktari wa akili.

Usiku_Mrefu: Nimesahau kusema, mlio uko zaidi kushoto. Simu naweka kulia siku hizi, kushoto sauti inafika ila maneno siyashiki.

Kiwambo: Hili ungeanza nalo mkuu! Mwambie daktari wa masikio, pua na koo maneno hayo hayo: upande mmoja, maneno hayashikiki. Apime pia uelewa wa maneno, kila sikio peke yake. Tofauti ya desibeli 15 hadi 20 kati ya masikio, kwenye masafa (hezi) mawili yanayofuatana, inatosha kuomba MRI (picha ya sumaku) ya neva ya usikivu. Kinachotafutwa ni uvimbe usio wa saratani, haupatikani kwa wengi na hukua polepole, ila tochi haiwezi kuuona.

Usiku_Mrefu: Napiga simu ya miadi asubuhi.