Nimepata muhula mmoja Ujerumani, naogopa kuchelewa kuhitimu. Naombeni ushauri

BintiUshirombo
Wakuu, habari za jioni. Nawaomba mawazo, hasa nyie mliowahi kwenda nje kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi.

Nasoma Kiswahili na isimu, mwaka wa pili, hapa Dar. Nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Bayreuth kwa muhula wa kiangazi, Aprili hadi Julai, kwa ufadhili wa Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya. Barua ninayo wiki ya pili sasa, sijajibu.

Mtu mmoja idarani kwetu kaniambia kozi za kule huenda zisihesabiwe. Maana yake wenzangu wavae majoho, mimi nibaki narudia muhula. Halafu kuna hili ambalo naona aibu kulisema: mimi si mwongeaji. Tangu niingie chuo sijanyoosha mkono darasani hata mara moja. Watu wanasema ukienda unarudi mtu mwingine. Mimi najiona nikijifungia chumbani miezi minne na kurudi vilevile. Mjomba naye aliposikia nakwenda kusoma Kiswahili Ujerumani alicheka mpaka akakohoa.

Mama anasema niende. Baba kasema niulize watu wenye akili.

KiparaUbungo
Baba yako halijui jukwaa hili 😂

MzeeMkavu
Mdogo wangu, mwajiri wa Bongo anauliza cheti kiko wapi, haulizi Aprili ulikuwa wapi. Maliza kwanza. Ukiwa na GPA nzuri utakwenda kwa shahada ya uzamili, miaka miwili kamili, ule nchi vizuri.

NguruWaPangani
Mzee Mkavu hajakosea kuhusu cheti, ila mimi nilikwenda hapohapo Bayreuth, kwa hiyo acha niseme.

Mjomba mwambie hivi: pale Kiswahili kinafundishwa, na tangu miaka ya 1980 kuna kongamano la Kiswahili linalokusanya wataalamu kutoka kila pembe. Linaangukia muhula wako huohuo.

Sasa hilo la kutoongea. Nilikuwa kama wewe, tena mbaya zaidi. Wiki mbili za mwanzo niliongea na mashine ya kurudishia chupa tu (unaingiza chupa tupu ya plastiki, inakurudishia senti 25, nilikuwa tajiri). Jumapili maduka yamefungwa, mji kimya kama kuna msiba. Usiku wa kwanza nililala na biskuti kwa sababu sikujua kwamba kule jimbo la Bavaria madukani milango inafungwa saa mbili usiku.

Halafu siku moja darasani binti wa Kijerumani akanigeukia: "Kwa nini mnasema *rafiki yangu*, wakati ni *rafiki huyu anakuja*? Mbona si *rafiki wangu*?" Darasa zima likanitazama, mwenye lugha. Nikajibu, "Ndivyo tunavyosema." Akaandika jibu langu kwenye daftari lake! Sijawahi kuona aibu kama ile. Usiku ule nilisoma ngeli mpaka alfajiri. Kipindi kilichofuata nikanyoosha mkono wa kwanza, kwa hasira tu.

Kujiamini kule mnakokusema sikukuona. Nilichopata ni tabia ya kuuliza "kwa nini", maana nyumbani nilizoea kunakili na kukariri. Niliporudi nilimuuliza mhadhiri swali, akaninunia muhula mzima. Hilo nalo ulijue.

Kujifungia chumbani utajifungia. Jiko la hosteli ni la pamoja, njaa itakutoa.

MamaWawili_Moro
Jamani mtoto kauliza kuhusu kozi, mnampa hadithi za chupa.

Binti, usisafiri bila mkataba wa masomo, ile karatasi inayotaja kozi utakazosoma kule na zile za huku zitakazofidiwa nazo. Inasainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo cha kule. "Huenda zisihesabiwe" ya mdomoni haina maana. Mwombe mkuu wa idara ajibu kwa maandishi. Mzigo wa kawaida kule ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, kwa muhula. Kubalianeni mapema alama zitageuzwaje pia, maana Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu na 5.0 ni kufeli. Karani asiyejua atakuandikia maajabu.

Kuhusu mkopo, waandikie bodi kabla hujaondoka. Viza omba ya muda mrefu, ile ya muda mfupi ya Schengen mwisho wake siku 90. Miadi ubalozini, pale Umoja House, itafute leo, si kesho. Ukifika, jiandikishe makazi ndani ya siku 14. Na uwe na akiba ya mwezi wa kwanza. Pesa ya mwanangu ilichelewa, tukamchangia kwenye kundi la ukoo.

Karatasi ikigoma kusainiwa, hapo ungana na Mzee Mkavu.

MzeeMkavu
Asante mama. Ikisainiwa aende, sina kinyongo.

BintiUshirombo
Asanteni sana. Nguru, hilo la rafiki yangu nimekaa nalo saa nzima, na mimi silijui! Jumatatu asubuhi nakwenda kwa mkuu wa idara na orodha ya kozi. Nimeandika kabisa nitakachosema, nisije nikakwama mlangoni.

Swali dogo: mama anataka nibebe dagaa. Inaruhusiwa?

NguruWaPangani
Dagaa ruksa, mwisho kilo 20. Nyama na maziwa ndiyo wanazuia. Ila usiwakaange jikoni mchana, wenzangu walifungua madirisha yote.