Mashindano ya karata Kigoma: kufuata kuwe lazima?

Mleta mada, Ujiji: Kabla timu za Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi hazijakutana kwenye sitini na moja, mchezo wa karata wa kuwania pointi, tukubaliane kanuni. Pointi hazina ubishi: ree (karata ya A) 11, saba 10, mzungu (karata ya picha) wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2, jumla 120. Ugomvi uko kwenye kufuata. Naona ikichezwa aina fulani, tuseme kopa, mwenye kopa atoe kopa, tangu mwanzo. La sivyo ree inakatwa na 3 ya turufu (aina inayoshinda nyingine zote), garasa tupu isiyo na pointi, na kuhesabu karata kunakosa maana.

Mdau wa Mwanga: Siafiki, ndugu. Sisi tunagawa tatu tatu, zilizobaki tunalamba, yaani tunaziokota moja moja kila baada ya raundi. Mwenye karata tatu ukimlazimisha kufuata, mara nyingi anabaki na moja tu ya kutoa. Hapo anachagua nini? Tena akificha kopa, kesho akaitoa, atasema ameilamba sasa hivi. Utamshikaje? Kufuata kuanze karata za kulamba zikiisha.

Mdau wa Gungu: Mnaolamba, mkishatoa 8, 9 na 10 zikabaki 40, toeni na za 2 zibaki 36. Ni garasa, 120 haiguswi. Mkiwa watatu na karata 40, zinabaki 31 za kulamba. Mwishoni mmoja analamba, wawili wanakosa. Kwa 36 zinabaki 27, tisa kwa kila mtu.

Mdau wa Kibirizi: Mashindano ni ya wawili wawili, basi tusilambe kabisa. Toa 8, 9 na 10, gawa kumi kumi. Aliyesema hana aina ya uru raundi ya tatu, akaitoa raundi ya saba, ameshikwa. Sharti karata zilizoliwa zipangwe kwa raundi, zisichanganywe, refa aweze kurudi nyuma. Adhabu: upande wake umepoteza mchezo.

Mleta mada: Kumi kumi naafiki. Adhabu ni kali mno, jamani. Karata huweza kujificha nyuma ya nyingine. Apoteze raundi ile tu.

Mdau wa Kibirizi: Hapana, kaka. Ree na saba zikiwa mezani ni pointi 21. Mtu ataficha uru makusudi akate kwa turufu: asiposhikwa kala 21, akishikwa karudisha raundi ambayo angeikosa vilevile. Adhabu hiyo haimzuii mtu.