Kutumwa Japani na familia: mke na watoto wanaishije huko?

MamaYona

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mume wangu ni mchungaji, na kanisa linataka kututuma Japani, mkoa wa Niigata, kwa muhula wa kwanza wa miaka minne. Yeye naona moyoni keshakwenda. Mimi bado nipo nipo. Kila ninayemuuliza ananipa habari za Tokyo na treni za kasi, au ananiambia "tutawaombea", basi. Nataka mambo ya nyumbani. Watoto wetu wawili, wa miaka 10 na wa miaka 5, watasoma wapi? Mimi nitaruhusiwa kufanya kazi? Na ni kweli mtu anaweza kukaa huko miaka asibatize hata mmoja? Kama kuna aliyeishi huko na familia, naomba asinifiche.

Mkulima_wa_Neno

Mimi sielewi kitu kimoja. Nchi tajiri vile, kila kitu wanacho, mnaenda kuwapa nini? Wahitaji wameisha?

Mama_Theluji

MamaYona, asifiwe milele. Mimi niko Niigata hiyo hiyo, mji wa Nagaoka. Tulikuja wa mwisho akiwa bado mgongoni, na sasa wa kwanza yuko sekondari ya juu, kwa hiyo nakuambia niliyoyaona.

Nianze na huyo wa miaka 10, maana yeye ndiye anayepaswa kuamua mje lini, si askofu. Shule za serikali za msingi na za kati zinapokea watoto wa wageni bila ada, na mtoto anawekwa darasa la umri wake hata kama hajui neno moja. Wa miaka 5 msimhofie. Mwaka wa shule huanza Aprili. Akianza darasa la kwanza pamoja na wenzake, baada ya muda atakuwa anawasahihisha nyinyi lugha mezani. Huyo mkubwa ndiye mwenye kazi. Elimu ya lazima huku ni miaka tisa, halafu mtoto wa miaka 15 anafanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu, kwa Kijapani, akishindana na watoto waliozaliwa humu. Herufi za kanji, zile zenye asili ya Kichina, za shule ya msingi peke yake ni 1,026, na hadi mwisho wa shule ya kati zinakaribia 2,136. Baadhi ya mikoa ina nafasi maalumu kwa watoto waliotoka nje, lakini masharti hutofautiana, ulizeni mapema kabla ya kusaini chochote. Shule ya watoto wa wamisionari ipo upande wa Tokyo tangu 1950, inafundisha kwa Kiingereza, lakini kutoka huku kwetu ina maana ya kuhama au kuachana na mtoto, na ada zake si za mshahara wa kanisa. Muulizeni anayewatuma nani atalipa. Akijibu "Mungu ataweka njia", muulizeni tena.

Kuhusu wewe. Mume atapewa kibali cha shughuli za dini, ambacho hutolewa kwa miaka mitano, mitatu, mmoja au miezi mitatu. Wewe na watoto mtakuwa na kibali cha wategemezi. Kwa kibali hicho ukiomba ruhusa ya ziada unaweza kufanya kazi ya malipo, mwisho saa 28 kwa wiki. Hilo ni la karatasi. La kweli ni kwamba kazi utakuwa nayo tele na hakuna atakayeiandika kwenye ripoti. Mume wangu aliketi darasani kujifunza lugha. Mimi nilijifunza kwenye geti la shule ya chekechea. Watu wa mtaa walinifahamu mimi na watoto muda mrefu kabla hawajamfahamu mchungaji.

Kuna chama cha mtaa, chonaikai, na faili la matangazo linalozungushwa nyumba hadi nyumba. Ukilipokea, unasoma, unagonga muhuri, unampelekea jirani wa pili. Usilikalie. Kuna zamu ya kusafisha mahali pa kuwekea takataka. Na kuna theluji. Nagaoka wametandaza mabomba katikati ya barabara yanayorusha maji ya chini ya ardhi ili theluji iyeyuke. Maji hayo yana chuma, ndiyo maana barabara zetu nyingi zina rangi ya kutu, mgeni akifika anadhani kumemwagika kitu. Lakini mabomba hayafiki mlangoni kwako. Hapo ni koleo, alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini. Mume wangu alianza kuondoa theluji ya mlango wetu na ya bibi wa upande wa kushoto anayeishi peke yake. Hakumpa kipeperushi hata kimoja. Siku ya mkesha wa Krismasi bibi yule alikuja na dada yake kwenye ibada ya mishumaa, wakakaa kiti cha nyuma na makoti yao.

Ubatizo: ndiyo, ni kweli. Wakristo wote wa madhehebu yote ni kama asilimia 1 ya Wajapani, na kanisa letu ukihesabu walio kwenye viti Jumapili ya kawaida hawajazi basi dogo. Wengi ni wazee. Tuna mama mmoja anayekuja tangu kabla yetu, anaimba nyimbo zote bila kitabu, na baada ya ibada ndiye anayeosha vikombe. Hajabatizwa. Nyumbani kwake pana madhabahu ndogo ya Kibudha yenye picha ya marehemu mumewe, na kila asubuhi wali wa kwanza kutoka kwenye sufuria unakwenda pale, kwenye kikombe cha shaba kisichozidi kidole gumba. Anauliza: nikibatizwa, nani atamwekea? Na kaburi la ukoo, mwanangu atalitunza vipi kama mimi nimelala kwingine? Mume wangu hajamwambia atoe madhabahu. Mchungaji Mjapani tunayefanya kazi chini yake alimwambia tangu mwanzo kwamba jambo hilo ni la kuongea na mwana wa yule mama pia, nalo halina haraka.

Hapo na wewe Mkulima nimekujibu nusu. Hatukuja kugawa unga.

MamaYona

Dada, Mungu akubariki, umenifungua macho. Hilo la mtihani hakuna aliyetuambia. Naomba niulize moja zaidi: watu huwa wanawaogopa? Na watoto inakuwaje shule ikiwa na mambo ya dini zao?

Mama_Theluji

Kuogopa si sana, ila dini kwa jumla wanaitazama kwa jicho la pembeni, na wana sababu. Mwaka 1995 kikundi cha dini cha Aum Shinrikyo kilitia gesi ya sumu kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo. Mwaka 2022 waziri mkuu wa zamani Abe Shinzo aliuawa kwa risasi na mtu ambaye mama yake alikuwa amelitolea Kanisa la Muungano, lile la Sun Myung Moon wa Korea, mali ya familia hadi wakafilisika. Tangu hapo kuna sheria juu ya michango ya kushinikizwa, na Desemba 2022 serikali ilitoa mwongozo kwamba kumtisha mtoto kwa jehanamu ili ashiriki mambo ya dini ni unyanyasaji. Kwa hiyo mwambie mchungaji aache nyumbani ile staili ya kugonga milango na kupaza sauti. Watoto wa mtaa wakija Shule ya Jumapili, tunaongea na wazazi kwanza, kila mmoja.

Shule ya serikali yenyewe haifundishi dini. Tatizo linatoka mtaani. Kiangazi kuna sikukuu ya hekalu la Kishinto, na watoto wa mtaa wanabeba kihekalu kidogo mabegani, mikoshi, wakipiga kelele za furaha na kupewa barafu yenye sharubati mwishoni. Mwenyekiti wa mtaa alikuja mwenyewe mlangoni kumwomba mwanangu. Kwao ni shughuli ya jirani, wala hawakuwa wanatutega. Tulisema hapana kwa mikoshi, ndiyo kwa kazi nyingine: mimi na watoto tulisimama kwenye kona ya mtaa na birika la chai baridi ya shayiri, tukawapa wabebaji vikombe wanapopita. Mwaka uliofuata tulikuta jina letu limeshaandikwa kwenye zamu ya chai. Kuna wamisionari wenzetu wanaoona tulilegea, na wengine wanaona tulikaza mno. Nyinyi mtaamua lenu, ila amueni kabla mwenyekiti hajafika, na mtoto asikie sababu kwenu.

Ukifika shule ya kati jiandae kwa vilabu vya michezo. Mechi ni Jumapili. Hilo limetugombanisha nyumbani kuliko mikoshi.

Msomaji_Mkongwe

Nichangie kidogo upande wa historia, maana familia kulipa gharama si jambo jipya. Daktari mmisionari Mmarekani James Curtis Hepburn na mkewe Clara walifika Japani mwaka 1859, marufuku ya Ukristo ikiwa bado ipo. Mbao za tangazo la marufuku ziliondolewa 1873. Kamusi yake ya 1867 ndiyo chanzo cha jinsi tunavyoandika Kijapani kwa herufi zetu. Lakini kijana wao Samuel walimwacha Marekani kwa ajili ya masomo. Mfano wa pili ni familia ya Reischauer, wamisionari Wamarekani: binti yao Felicia alikuwa kiziwi, na wazazi wakashiriki kuanzisha shule ya viziwi Tokyo mwaka 1920. Kaka yake Edwin, aliyezaliwa Tokyo 1910, alirudi kuwa balozi wa Marekani mwaka 1961.

Mama_Theluji

Msomaji, huyo Clara nimemfikiria sana nikiwa na koleo mkononi. Vitabu vinamtaja kwa sentensi moja.

MamaYona, mambo ya mwisho kabla sijaenda kuchukua watoto. Fikeni Machi, ili Aprili wote waanze na wenzao. Mkitaka kupanga nyumba, ulizeni kama kuna reikin, hela ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, na nani atawadhamini; wengi hawapangishi mgeni asiye na mdhamini. Bima ya afya ya taifa ni lazima kwa anayekaa zaidi ya miezi mitatu, mkienda hospitali mnalipa asilimia 30. Mabuti ya theluji msinunue huko, hayatafaa, nunueni hapa. Ila kama mume wako ana mguu mkubwa, aje na viatu vyake vya kuvaa kanisani, atavitafuta Nagaoka nzima asivipate. Na mwambie anitafute kwa ujumbe wa faragha, mume wangu anataka kumuuliza kama anajua kupanda juu ya paa kuondoa theluji.