Ikiwa makuhani hawakuwa na urithi, Yeremia alinunuaje shamba Anathothi?

Muulizaji

Salaam, wapendwa. Katika kipindi chetu cha kujifunza Biblia tumekwama mahali pamoja. Hesabu 18 inasema wazi kwamba kabila la Lawi halitapewa urithi katika nchi, na kwamba Mungu mwenyewe ndiye fungu la Haruni, baba wa makuhani. Lakini Yeremia, mtu wa ukoo wa makuhani wa Anathothi, ananunua shamba kwa binamu yake Hanameli kwa shekeli 17 za fedha. Anatia hati muhuri, anaita mashahidi na kupima fedha kwenye mizani (Yeremia 32). Mzee wetu mmoja anasema sheria ilikuwa imekwisha kusahaulika. Je, ni kweli, au sheria yenyewe tunaisoma vibaya?

Mwanafunzi wa Torati

Nadhani neno "urithi" mnalipanua mno. Walawi walinyimwa jimbo la kabila, yaani eneo lenye mipaka kama lile la Yuda au Efraimu. Hawakunyimwa mahali pa kulala wala pa kulishia mifugo. Walipewa miji 48 iliyotawanyika katika makabila yote pamoja na malisho yake, na 13 kati ya hiyo, ukiwamo Anathothi katika nchi ya Benyamini, ilikuwa ya wana wa Haruni (Yoshua 21). Chakula chao kilitokana na zaka, na Walawi nao waliwatolea makuhani zaka ya zaka hiyo.

Tazameni hasa sheria ya nyumba katika Mambo ya Walawi 25. Mwisraeli wa kawaida akiuza nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta, alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuikomboa. Mwaka ukipita, nyumba ilibaki kwa mnunuzi daima, na hata yubile, yaani mwaka wa hamsini wa kurudishiwa mali, haikuirudisha. Mlawi aliweza kuikomboa wakati wowote, na akishindwa, yubile ilimrudishia. Mkulima aliyepoteza nyumba ya mjini bado alikuwa na shamba la baba zake, ilhali Mlawi hakuwa na pengine pa kurudi.

Mpitanjia

Ndugu, umeeleza vizuri habari za nyumba, lakini swali ni la shamba. Mstari wa 34 wa sura hiyo hiyo unakataza kabisa kuuza malisho ya miji ya Walawi. Tena Hebroni ulipotolewa kwa makuhani, mashamba na vijiji vyake alipewa Kalebu, mtu wa kabila la Yuda. Kwa mfano huo, mashamba ya Anathothi yangekuwa ya Wabenyamini. Hanameli aliuza nini basi?

Mwanafunzi wa Torati

Pingamizi lako lina uzito. Hesabu 35 inataja malisho ya dhiraa 1000 kutoka ukutani, kisha mstari unaofuata unataja 2000, na wasomaji wa kale walihangaika nazo. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Rabi Eliezeri mwana wa Rabi Yose Mgalilaya anasema 1000 ni malisho na 2000 ni mashamba na mizabibu. Hata kuhani Abiathari, alipofukuzwa na Sulemani, aliambiwa aende Anathothi kwenye mashamba yake. Kuhusu kuuza, Hanameli hakwenda sokoni: alimwendea Yeremia katika ua wa walinzi kwa kuwa haki ya kukomboa ilikuwa ya Yeremia, na shamba likabaki ndani ya ukoo ule ule. Kwa maoni yangu, katazo lililenga ardhi isiwatoke Walawi, ingawa nakiri kwamba mstari hausemi hivyo waziwazi.

Msomaji wa Nehemia

Mzee wenu hakukosea yote. Katika Nehemia 13 mafungu ya Walawi hayakutolewa, nao wakaacha huduma, kila mtu akakimbilia shambani kwake. Mashamba walikuwa nayo, na waliyageukia zaka zilipokatika.

Muulizaji

Nawashukuru. Jumapili nitaanza na ile hoja ya Hebroni, maana najua ndiyo mzee atakayoishikilia.