Naomba ushauri: tuwasaidie wakongwe wetu bila kuwaaibisha

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi ni shemasi katika ushirika mmoja wa PCEA (Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki) hapa Kiambu. Wiki yetu imejaa: ibada ya wilaya (kikundi cha washirika wanaoishi karibu) nyumba kwa nyumba, Woman's Guild (chama cha akina mama), mazoezi ya kwaya, Jumapili kuhesabu sadaka.

Kinachonisumbua moyo ni wajane na wakongwe wasioweza tena kufika kanisani. Mchungaji na wazee wa kanisa huwapelekea Meza ya Bwana, lakini unga na dawa hutegemea harambee ya papo hapo. Mpaka jina lisomwe kwenye matangazo ndipo pesa zipatikane. Mama mmoja, aliyewafundisha shuleni wengi wa washirika wetu, alinisihi kwa machozi tusimtaje tena. Namwelewa kabisa.

Nataka kupendekeza mfuko wa kudumu wa mashemasi, majina yajulikane na watu wachache tu. Baadhi ya wazee wa kanisa wanahofia hesabu zitakosa uwazi, na hofu hiyo ina msingi. Kwenu mnafanyaje? Nani hukagua, na risiti za dawa huwekwaje bila majina kuenea? Naomba majibu kabla hatujapeleka hoja kwa Kirk Session, yaani baraza la mchungaji na wazee wa kanisa.