Nina Leveli 3 (cheti cha malezi ya watoto), nafanya kazi nasari Uingereza, digrii ya pati taimu inawezekana?

MamaNasari: Habari wapendwa, nimefanya kazi muda mrefu kwenye nasari huku Leicester, nina Leveli 3 tu, A level (mitihani ya mwisho ya sekondari) sina. Nataka kusoma ila kazi siwezi kuacha, watoto nao bado wadogo. Naanzia wapi?

Bintiwapwani: Dada usihangaike na A level. Tafuta fandesheni digrii ya Early Years (malezi na elimu ya watoto wadogo), ni Leveli 5, chini kidogo ya digrii kamili, vyuo vingi vinapokea Leveli 3 pamoja na uzoefu, na kazini ndo sehemu ya masomo yenyewe, unaandika kuhusu watoto unaowalea kila siku. Pati taimu huwa inafika kama miaka mitatu, darasa jioni au siku moja kwa wiki, ukimaliza unaongeza mwaka au zaidi upate BA, yaani digrii kamili. Muombe meneja akupe hiyo siku KABLA hujajisajili, wengi wanakwama hapo!

Mzee_Coventry: Ada kuna mkopo wa serikali hata kwa pati taimu, unaanza kuurudisha pale mshahara wako unapovuka kiwango fulani. Ila wanaangalia ukaazi wako, kama hujawa settled (huna kibali cha kuishi moja kwa moja) uliza kwanza.

Bintiwapwani: Halafu GCSE jamani (mitihani ya sekondari ya kabla ya A level), English, hesabu na sayansi gredi 4, anza sasa hivi maana bila hizo EYTS (hadhi ya ualimu wa watoto wadogo) hupati baada ya digrii. Na EYTS siyo QTS (hadhi ya ualimu wa shule), shule nyingi za serikali zinataka QTS.

MamaNasari: Asanteni sana, hesabu naanza Septemba, koleji ya hapa inafundisha watu wazima bure.